Moshi Mweusi wa Mlimani: Nguvu za Gari Letu Kuukuu Zinapotelea Wapi?

Simama pembeni mwa barabara yoyote inayopanda kilima huku Kamuli, wilayani Kyerwa, siku ya gulio, utaona mambo mawili ambayo mimi huyaona kila wiki. Land Cruiser mkonga, umri wake sawa na wa dereva wake, linapanda na mikungu ya ndizi, magunia ya maharage na watu walioketi juu ya magunia. Nyuma linaacha moshi mweusi mzito hadi mwenye bodaboda anayelifuata anasimama kusubiri hewa isafike. Upande wa pili gari jingine la aina hiyohiyo linashuka kimya, gia imetolewa, dereva ameliachia frii lijiporomokee mpaka bondeni. Dereva wa kwanza anaamini moshi ni dalili ya nguvu. Wa pili anaamini anaokoa mafuta. Wote wawili wanapoteza fedha, na wa pili anaweza kupoteza zaidi ya fedha.

Nasema wazi tangu mwanzo: gari kubwa la zamani linaweza kurudishiwa nguvu na kupunguziwa ulaji wa mafuta kwa wakati mmoja, kwa kuwa mambo hayo mawili yana chanzo kimoja. Mafuta yakiungua yote, ndani ya silinda, kwa wakati wake, gari linavuta na tangi linadumu. Yakiungua nusu, gari linachoka na tangi linakauka. Tumezoea kuamini kwamba anayetaka nguvu avumilie ulaji, na anayetaka unafuu avumilie udhaifu. Imani hiyo ndiyo inayowafanya mafundi wetu washike bisibisi mahali ambapo walipaswa kushika kipimo.

Mtu atauliza: kwa nini kulishupalia jambo la magari makubwa wakati kaya nyingi za Kyerwa na Karagwe hazina hata pikipiki? Kwa sababu huku kwetu gari hili ni la watu wote, hata kama kadi yake ina jina la mtu mmoja. Ndilo linalompeleka mjamzito hospitali ya Nyakahanga usiku wa mvua. Ndilo linalobeba kahawa, bibi harusi, mbao za kuezekea na jeneza. Kila lita linayoipoteza hudaiwa kwenye nauli, kwenye bei ya sabuni dukani, na kwenye kile mnunuzi wa ndizi anachomkata mkulima akimwambia, "Mama, usafiri umepanda."

Hewa nyepesi, bisibisi nzito

Dizeli haiungui peke yake. Lita moja inahitaji kilo 12 hivi za hewa ili iungue yote. Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, kilo hizo ni kama mita za ujazo 10. Lakini sisi hatuishi pwani. Sehemu kubwa ya miinuko ya Karagwe na Kyerwa iko kati ya mita 1,300 na 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mita 1,500 hewa huwa nyepesi kwa karibu asilimia 15. Silinda ni ileile na pistoni inashuka umbali uleule, lakini kinachoingia ndani ni pungufu.

Injini iliyomo kwenye mikonga mingi ni ile Toyota waliyoiita 1HZ, ambayo ilianza kutumika mwaka 1990. Ina silinda sita, ujazo wa sentimeta za ujazo 4,164, haina tabo. Ikiwa mpya, tena pwani, hutoa nguvu farasi 130 hivi. Ilete Karagwe, imeshapoteza kama 20 kabla fundi yeyote hajaigusa. Si ugonjwa, ni kanuni ya maumbile, na ipo hata kwa injini iliyotoka kiwandani jana.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Gari limenunuliwa Dar es Salaam au Mwanza, pampu yake ya dizeli imesetiwa huko, au imekwisha kuchezewa na watu watatu kabla ya mnunuzi wa sasa. Likifika huku linapewa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Linatoa moshi, linachoka kilimani. Dereva anakwenda gereji.

"Fundi, gari halipandi."

"Hilo dogo, bosi. Tunaongeza pampu kidogo."

Fundi anaitafuta skrubu, anaizungusha, na mafuta yanaongezeka. Hewa haijaongezeka hata punje. Bondeni gari linaonekana limechangamka, dereva anatabasamu, fundi anapokea chake. Kwenye kilima kinachofuata moshi umekuwa mweusi maradufu, na ndani ya injini joto limepanda pasipo geji ya kulionyesha, kwa sababu geji ya dashibodi hupima maji ya rejeta, haipimi moto unaotoka kwenye silinda. Injini ikiendelea hivyo kwa miezi kadhaa, kichwa cha silinda hupata ufa au pistoni inaungua juu. Ndipo utamsikia mwenye gari akisema 1HZ za siku hizi hazidumu.

Kinachotakiwa ni kinyume cha kilichofanyika. Pampu ipunguzwe mpaka moshi mweusi ukome gari likiwa kilimani na mzigo wake wa kawaida. Nguvu itakayopotea ni ndogo mno, kwa sababu kilichoondolewa ni mafuta ambayo hayakuwa yakiungua. Baadhi ya pampu za 1HZ zilitengenezwa na kifaa kinachopunguza mafuta chenyewe gari linapopanda miinuko. Mwenye gari lenye kifaa hicho ahakikishe kinafanya kazi kabla hajaruhusu bisibisi iguse kitu kingine.

Kwa wenye Land Cruiser za petroli za miaka ya 1980, zile za kabureta, kisa ni kilekile: jeti iliyopimwa kwa hewa ya pwani humwaga petroli ya ziada huku juu, plagi zinakuwa nyeusi, injini inamisi. Yale mashangingi ya miaka ya 1990 yenye injini ya petroli ya lita 4.5 na mfumo wa umeme wa kuingiza mafuta hujirekebisha yenyewe, mradi sensa zake ni nzima. Sensa ya oksijeni ikifa, injini hukisia, na mara nyingi hukisia kwa kuongeza mafuta. Wizara ya Nishati ya Marekani, katika mwongozo wake kwa madereva, husema kuwa kurekebisha hitilafu kubwa kama hiyo kunaweza kuboresha matumizi ya mafuta hadi kwa asilimia 40.

Ndani ya lita moja mna nini

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na kila mara macho yangu hukimbilia sehemu ya mbali ya jedwali, kwetu. Mafuta yanashushwa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Sisi tuko kona ya kaskazini-magharibi kabisa, tunatazamana na Uganda na Rwanda. Rubwera, makao makuu ya wilaya yetu ya Kyerwa, huwa miongoni mwa vituo vyenye bei ya juu kabisa nchini, na sababu haihitaji utafiti: lori la mafuta nalo linakula mafuta kuja huku.

Halafu kuna kodi. Tangu bajeti ya mwaka 2017/18 ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa kwa waliokwisha kusajili magari, na sehemu ya mzigo wake ikahamishiwa kwenye lita. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini. Mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa miradi mikubwa ya taifa. Sibishani hapa na makusudi ya tozo hizo; barabara za TARURA tunazihitaji kuliko wengi. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba zamani gari bovu na gari zima yalilipa ada kwa kutazama ukubwa wa injini, na sasa gari bovu linalipa zaidi, kila siku, kila linapojaza. Moshi ule mweusi umeshalipiwa kodi.

Tufanye hesabu. Gari linatembea kilometa 1,500 kwa mwezi, jambo la kawaida kwa gari la biashara. Likitumia lita moja kwa kilometa 6, linahitaji lita 250. Likirekebishwa hadi kilometa 8 kwa lita, na hilo si ndoto kwa 1HZ nzima isiyobebeshwa kupita kiasi, linahitaji lita 187 na nusu. Tofauti ni lita 62 na nusu. Tukiweka lita kuwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, ni shilingi 187,500 kwa mwezi, sawa na shilingi 2,250,000 kwa mwaka. Mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ulikuwa ukitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Gari moja, kwa mwaka mmoja, linaunguza bima ya kaya 75.

Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili ni letu sote.

Thamostati iliyotupwa

Kuna kosa la gereji linaloniudhi kuliko yote, nalo ni kutoa thamostati. Gari linachemsha, fundi anafungua bomba la juu, anakitoa kile kidude cha shaba, anakitupa kwenye kopo la vyuma chakavu, na kusema nchi za joto hazikihitaji. Kwanza, Karagwe si nchi ya joto. Nani kati yetu huondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi bila koti? Pili, injini ilibuniwa kufanya kazi maji yake yakiwa na nyuzi 80 na ushee. Ikikosa thamostati hukaa baridi safari nzima ya kutoka Kamuli hadi Nkwenda. Dizeli inayogusa ukuta baridi wa silinda haiungui vizuri. Nyingine huteremka na kuchanganyika na oili, oili inakuwa nyepesi, ringi zinalika. Tatu, na hili wengi hawalijui, thamostati za injini nyingi za Toyota zina kazi ya pili ya kuziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Gari lililotolewa thamostati ili lisichemshe linaweza kuchemsha kwa sababu limetolewa thamostati.

Gari lililochemsha lilikuwa na shida nyingine: rejeta imeziba, feni imechoka, au gasketi inavujisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa 1HZ ni ovahoo ya mamilioni.

Baada ya thamostati, nozeli. Zipo sita. Kazi yake ni kuipuliza dizeli iwe ukungu mwembamba inapoingia silinda. Nozeli iliyochoka haipulizi; inadondosha. Matone hayawahi kuungua yote, na hapo ndipo moshi, mlio wa kugonga asubuhi, na ulaji vinapoanzia. Huwezi kuijua nozeli mbovu kwa kuitazama kwa macho wala kwa kuinusa. Inafungwa kwenye kipima cha mkono, inasukumwa, na geji inaonyesha inafunguka kwa shinikizo gani. Za 1HZ zinapaswa kufunguka kwenye kilo 150 hivi kwa sentimeta ya mraba, na zote sita zikaribiane. Kubadili ncha zake na kuziweka sawa ndiyo kazi moja ninayoweza kuiapia kwamba mwenye gari ataihisi kilimani siku hiyohiyo.

Muda wa pampu nao husahaulika. Mkanda wa taimingi wa 1HZ unatakiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000, na kuna taa kwenye dashibodi ya kukumbusha. Ni magari mangapi taa hiyo ilizimwa na mtu asiyebadili mkanda? Na pampu ikifunguliwa, irudishwe kwa geji. Kuirudisha kwa kusikiliza mlio ni kubahatisha, hata kama masikio ni ya fundi mwenye miaka 30 kazini.

Chujio la hewa nitalipitia haraka kwa kuwa kila mtu anadai analijua. Mkonga wenyewe, lile bomba la hewa lililolipa gari jina, uliinuliwa juu ili uvute hewa mbali na vumbi la barabara zetu nyekundu. Mpira wake ukipasuka chini ya boneti, faida yote imekwisha na injini inavuta vumbi moja kwa moja. Ukisafisha chujio kwa upepo, pulizia kutoka ndani kwenda nje. Vijana wengi wa kuosha magari hupulizia nje kwenda ndani na kulishindilia vumbi.

Kabla ya yote hayo, kabla hata ya kununua nati moja, pima mgandamizo wa kila silinda. Kama ringi zimekwisha na silinda mbili zinapumua, hakuna nozeli mpya wala pampu iliyosetiwa itakayorudisha nguvu, na fundi mwaminifu atakuambia hivyo kabla hajapokea fedha yako. Nimeona kaya ikiuza ng'ombe kununua nozeli za injini ambayo ilikuwa imeshakufa. Kipimo cha nusu saa kingeliokoa zizi.

Tena injini haifanyi kazi peke yake. Inua kila gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono. Lisipozunguka kwa urahisi, breki imeshika au beringi imekazwa mno, na injini inalisukuma gari dhidi ya breki zake lenyewe mchana kutwa. Hubu za mbele za mkonga zifunguliwe barabara inapokuwa kavu. Madereva wengi huzifunga msimu wa mvua wa Machi na kuzikumbuka Julai. Matairi yawe na upepo wake kamili na ukubwa wake wa asili. Tairi kubwa linalopendeza macho huifanya kila gia kuwa nzito kuliko ilivyobuniwa, halafu dereva analalamika kwamba gia ya tatu haipandi.

Kushuka kwa frii

Narudi kwa yule dereva anayeshuka kimya. Namheshimu kwa kuwa anajali mafuta, lakini amedanganywa na ukimya. Gari la dizeli likishuka likiwa kwenye gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, pampu hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini lazima ijilishe isizimike. Kwa hiyo aliye kwenye gia anashuka bure, na aliye frii anashuka kwa kulipia. Na je, breki? Zinabeba peke yake uzito wa tani tatu, zinapata moto, na mguu unafika chini pasipo gari kusimama. Barabara zetu zinashuka hadi madarajani na sokoni, palipo na watoto.

Anayetaka kuokoa mafuta kweli aanze na mwendo. Mkonga una uso wa ukuta. Upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: kutoka kilometa 80 kwa saa hadi 100, upinzani unaongezeka kwa asilimia 56. Kwenye ile lami ya kilometa 59 kutoka Kyaka hadi Bugene vijana hukanyaga mpaka mwisho kwa furaha ya kuliacha vumbi, na wanafika dakika kumi mapema wakiwa wameacha lita kadhaa njiani. Keria tupu juu ya paa nayo hula. Ishushwe siku isiyo na mzigo. Na gari lisiachwe likiunguruma nje ya ofisi ya kijiji huku wakubwa wakimaliza kikao, maana injini kubwa kama hii ikisimama tu inameza karibu lita nzima kwa saa.

Kilimani, badili gia mapema. Dereva anayeng'ang'ania gia kubwa injini ikitetemeka na kumwaga moshi anaamini mizunguko michache ni mafuta machache. Lakini injini iliyoelemewa hupewa mafuta yote ambayo pampu inaweza kutoa, na hewa yake ni chache. Rudi gia moja chini, iache ipumue.

Vidude na vidonge

Siku hizi simu zetu zimejaa matangazo ya sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge vya kutupia tangini, na kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya kuwashia sigara. Gangaganga za mganga humwacha mgonjwa na matumaini. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, limetathmini au kupima vifaa vya aina hii zaidi ya 100 kwa miaka mingi, na halikupata hata kimoja kinachoboresha matumizi ya mafuta kwa kiwango cha kutajika. Kama watu wenye maabara hawakukipata, kitapatikanaje kwenye meza ya stendi ya Kayanga?

Wapo pia wanaotoa masega kwenye eksozi ya magari ya petroli, wakisema yanabana nguvu. Masega yaliyoziba hubana, kweli, na hayo yabadilishwe. Masega mazima hayabani kitu cha kuhisiwa, na kuyatoa ni kuwauzia watu wa pembeni sumu ambayo kiwanda kilikuwa kimeifunga. Mara nyingi anayenufaika ni mnunuzi wa masega.

Tabo, au injini nyingine?

Hapa lazima niwe mkweli kwa wenye kiu ya nguvu. Kwa watu wa miinuko, tabo ndiyo jibu halisi la hewa nyepesi, kwa kuwa inaisukuma hewa ndani badala ya kusubiri ivutwe. Ndugu wa 1HZ, ile 1HD-T yenye ujazo uleule, ilijengwa na tabo tangu kiwandani, pamoja na pistoni za kuhimili joto lake. Siku hizi Toyota huuza mkonga mpya wenye injini ya lita 2.8 tu, silinda nne, yenye tabo na nguvu farasi zaidi ya 200. Ukubwa wa injini peke yake haukuwahi kuwa ndio nguvu.

Lakini kuichukua 1HZ kuukuu na kuifunga tabo ya lori chini ya mwembe ni jambo jingine. Australia wako wanaofanya hivyo kwa mafanikio: shinikizo dogo, geji ya joto la eksozi mbele ya dereva, na pampu iliyosetiwa upya kwenye mashine. Ondoa moja kati ya hayo matatu, umetengeneza njia ya haraka ya kuyeyusha pistoni. Ushauri wangu kwa mtu wa Kamuli ni kwamba kama hana geji hiyo, asifunge tabo.

Wengine hung'oa injini kubwa na kuweka ya Hilux ya lita 3, wakitarajia ulaji wa Hilux. Mwili wa gari haujapungua hata kilo. Injini ndogo inakanyagwa mpaka mwisho kila kilima, na baada ya mwaka ulaji umerudi palepale, nguvu ikiwa imekwenda moja kwa moja. Juu ya hayo, namba ya injini hailingani tena na kadi, na asiyepeleka mabadiliko hayo TRA anajiwekea kesi ya bure na askari wa barabarani. Gesi asilia, inayosifiwa sana Dar es Salaam na kwa haki, vituo vyake vingi viko huko pwani. Kwetu bado ni habari ya redioni.

Daftari na kipima

Mali bila daftari hupotea bila habari. Muulize mwenye gari yeyote huku linakwenda kilometa ngapi kwa lita, atakujibu kwa hisia: "Linakula kidogo tu," au "Hili ni balaa." Njia ni rahisi. Jaza tangi mpaka juu, andika kilometa. Tembea siku zako za kawaida. Rudi sheli ileile, jaza mpaka juu tena, gawanya kilometa ulizotembea kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo kila mwezi. Ikishuka kutoka 8 hadi 7, kuna kitu kimeharibika, na utakijua kabla hakijakuvunjia safari.

Kwa nini hatufanyi? Nimelifikiria sana hili, na nadhani jibu liko kwenye mkataba wa mdomo kati ya tajiri na dereva. Dereva anapeleka hesabu kila siku na mafuta ananunua mwenyewe. Tajiri analipa matengenezo. Basi nozeli mbovu inamuumiza dereva, lakini mwenye uwezo wa kuzibadili ni tajiri, ambaye haumwi na chochote mpaka injini ife. Dereva naye, akibanwa, anaachia frii na kuua breki, ambazo ni za tajiri. Kila mmoja anaokoa kwenye mfuko wa mwenzake. Napendekeza wakae pamoja: tajiri abebe gharama ya mafuta hadi kiwango walichopima siku gari lilipotoka servisi, na dereva abebe kinachozidi kama hakutoa taarifa. Siku ya kwanza chini ya mpango huo daftari litanunuliwa.

Linabaki suala la fundi. Siwezi kuwalaumu mafundi wa Kamuli kwa kusikiliza pampu kwa masikio kama hakuna mtu aliyewapa geji. Mkoa wa Kagera sasa una chuo cha VETA kilichojengwa Burugo kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 2022. Chuo hicho kingewaita mafundi wa mitaani, wale ambao hawatarudi tena darasani kwa miaka miwili, kwa mafunzo ya wiki moja juu ya pampu na nozeli za dizeli tu. Magari ya wagonjwa na ya halmashauri ni ya aina hiihii, kwa hiyo serikali yenyewe ingekuwa ya kwanza kunufaika.

Na kipima nozeli cha mkono ni kifaa cha kuwekwa juu ya meza: mpini, kikombe cha dizeli na geji, hakihitaji umeme. Halmashauri ya Kyerwa na ya Karagwe, au chama kikuu cha ushirika cha KDCU ambacho magari ya wakulima wake hubeba kahawa msimu mzima, wanunue viwili, kimoja kikae Nkwenda na kingine Kayanga, kila mwenye gari alipe ada ndogo kukitumia.  Vikinunuliwa mapema, magari yatapimwa kabla ya mzigo wa kwanza wa msimu.